Nilisema "Iko Safi" Bila Kusoma

Leo sina video wala picha, manake hakuna cha kupiga picha. Siku tatu nzima nimekaa hapa Kombani na laptopu, chai inapoa pembeni, nasoma msimbo ambao haufanyi jambo lolote jipya. Hauongezi kitufe. Hauongezi rangi. Kama umefanywa vizuri, mtumiaji hataona tofauti hata moja. Hiyo kazi inaitwa usafishaji wa msimbo, na mimi nilikuwa mkaguzi.

Najua kuna watu mshaanza kupiga miayo. Ngojeni kidogo. Hii hadithi ina mama muuza samaki ndani yake, na ina urafiki uliobaki kidogo tu uvunjike.

Twende polepole. Ndani ya Linux kuna zana inaitwa perf. Iliingia kwenye kerneli toleo la 2.6.31, mwaka 2009, na mpaka leo msimbo wake unakaa nyumba moja na kerneli yenyewe, kwenye folda ya tools/perf. Imeandikwa kwa lugha ya C kwa sehemu kubwa. Kazi yake ni kujibu swali moja: hii mashine inapoteza wakati wake wapi?

Nikueleze kwa mfano wa kwetu. Mjomba wangu ana pikapu, hupeleka nazi soko la Kongowea. Sema unataka kujua mbona safari moja inamla nusu siku. Unaweza kukaa naye ndani ya gari uandike kila dakika, lakini utachoka, na yeye atakushusha njiani. Njia rahisi ni kumpigia simu mara mia moja kwa nyakati tofauti, swali moja tu: "Mjomba, uko wapi saa hii?" Akijibu mara sitini "niko foleni ya feri Likoni", mara kumi "Ng'ombeni", na zilizobaki huku na kule, huhitaji digrii kujua wakati unaliwa wapi.

Hivyo ndivyo perf inavyofanya. Unaiamuru irekodi, inaichungulia prosesa mara nyingi kwa sekunde na kuandika iko kwenye fankisheni gani. Mwisho unapata ripoti: fankisheni hii asilimia kadhaa, ile asilimia kadhaa. Isitoshe, prosesa yenyewe ina vihesabio ndani yake, na perf huvisoma: maagizo mangapi yametekelezwa, mara ngapi data ilikosekana karibu ikabidi ifuatwe mbali.

Kitu kimoja kilinichekesha nilipokuwa najifunza. Watu wengi huiweka ichungulie mara 99 kwa sekunde, sio 100. Nikauliza, hiyo moja imeliwa na nani? Kumbe ni hivi: mjomba hunywa kahawa kila saa kamili. Ukimpigia kila saa kamili, utadhani kazi yake ni kunywa kahawa siku nzima. Namba 99 inakutoa kwenye mdundo wa vitu vinavyojirudia, upate ukweli.

Na usidhani ni zana ya watu wa kujisumbua bure. Mwaka 2024 kuna mhandisi anaitwa Andres Freund, alikuwa anapima mambo yake ya PostgreSQL. Akaona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kunachelewa karibu nusu sekunde. Nusu sekunde, bana! Mimi bando langu likichelewa nusu sekunde nashukuru Mungu. Yeye akachukua perf, akakuta wakati unaliwa ndani ya maktaba ya kubana faili, inayotoka kwenye mradi wa xz, mahali ambapo hata jina la fankisheni halikuonekana. Akazidi kuchimba. Tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu kwamba kuna mtu ametia mlango wa siri ndani ya xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeutia alikuwa amejifanya msaidizi mwema wa mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka akaaminiwa. Mlango ule ungesambaa, seva kibao duniani zingekuwa wazi kwake.

Kwa hiyo zana ya kupimia ikiwa mbovu, hata macho yetu yamekuwa mabovu. Shikeni hapo.

Sasa nije kwangu. Nina rafiki yangu wa Tiwi. Tumejifunza pamoja tangu tumalize shule, simu moja, bando moja, laptopu moja ya kuazimana. Yeye ana kichwa chepesi kuliko changu, hilo nalikubali hadharani. Mwezi uliopita akaniambia ameandika viraka vitano vya kusafisha sehemu moja ya perf. Anataka kuvituma kwa wasimamizi kabla ya Ijumaa, kwa sababu kuna nafasi ya mafunzo anaiomba na anataka aonyeshe kazi yake. Akaniambia, "Ndugu yangu, vipitie, uniwekee jina lako kwamba umekagua. Ni usafi tu. Hakuna kitu kimebadilika."

Ni usafi tu. Nilipolisikia hilo neno tumbo lilinikata.

Manake mwaka jana tulikuwa tushafanya usafi mwingine. Mama yangu yuko kwenye chama cha akina mama, kila Jumamosi wanachanga shilingi 200. Walikuwa wanaandika kwenye daftari, na ugomvi haukuisha. Sisi vijana wa teknolojia tukajitolea, tukawatengenezea programu ndogo ya kuweka hesabu. Ikafanya kazi vizuri, tukasifiwa mpaka vichwa vikavimba. Baada ya miezi michache rafiki yangu akaona msimbo umejaa uchafu, akausafisha. Akakuta mahali malipo yanakaguliwa mara mbili kwa mistari inayofanana sana, akaondoa mmoja. Akaniletea nikague.

Mimi siku hiyo nilikuwa naangalia mpira. Nikafungua, nikatelezesha kidole mara mbili, nikaandika: "Iko safi." Sikusoma. Wallahi sikusoma hata mstari mmoja.

Ile mistari miwili haikuwa sawa. Wa kwanza ulikagua waliolipa Jumamosi. Wa pili ulikuwa wa wale waliotuma kwa simu usiku, ikaingia ikiwa ishakuwa Jumapili. Tulipouondoa, waliochelewa kwa saa chache wakasomeka hawajalipa kabisa. Na kuna mama mmoja, mjane, anauza samaki wa kukaanga. Yeye hufunga biashara usiku, na pesa yake huituma akifika nyumbani. Wiki tano mfululizo programu yetu ikasema hajalipa.

Wakamsimamisha kwenye mkutano. Mama yangu alinisimulia, mimi sikuwepo. Anasema yule mama hakupiga kelele. Alitoa simu yake, mkono unatetemeka, akawa anatafuta zile jumbe moja moja, huku anasema, "Mimi sijala pesa ya mtu." Alipowaonyesha, wote wakanyamaza.

Nilikwenda kumuomba radhi. Shikamoo, marahaba, nikaeleza. Akaniambia amesamehe, na naamini amesamehe kweli. Lakini chama kilirudi kwenye daftari, na mpaka leo kiko kwenye daftari. Programu yetu imekufa. Na makosa hayakuwa ya rafiki yangu peke yake. Yeye alikosea, binadamu hukosea. Mimi ndiye niliyewekwa pale ili kosa lisipite, na nikalipungia mkono likapita.

Sasa unaelewa kwa nini siku tatu.

Kiraka cha kwanza kilikuwa kinaondoa fankisheni isiyotumika. Nikatafuta jina lake kwenye folda nzima, halafu nikatafuta tena kama kuna mahali jina linaundwa kwa kuunganisha vipande, manake C ina ujanja huo. Hakuna. Safi. Cha pili kilibadilisha majina yaeleweke. Safi. Cha tatu kiliunganisha sehemu mbili zilizorudiwa. Mara hii nilizisoma neno kwa neno, nikaziweka ubavuni, kweli zilikuwa pacha. Cha tano kilirekebisha tahajia kwenye maelezo.

Cha nne ndicho kilichonikesha.

Ndani ya perf kuna vitu vinavyotumiwa na sehemu nyingi kwa wakati mmoja, kwa mfano kumbukumbu ya kila uzi wa programu inayopimwa. Utaratibu wake ni kama kuazima sufuria kubwa ya shughuli pale mtaani. Anayechukua anaandikwa. Anayerudisha anafutwa. Orodha ikibaki tupu, sufuria inavunjwa iwe chuma chakavu. Msimbo una fankisheni za kuchukua na za kurudisha. Ukisahau kurudisha, sufuria haivunjwi kamwe, kumbukumbu ya mashine inavuja. Ukirudisha mapema halafu ukaendelea kupika, unapikia kwenye kitu ambacho hakipo tena. Hapo mashine inaweza kuanguka, au mbaya zaidi, isianguke ila ikupe majibu ya uongo.

Msimbo wa zamani ulikuwa mbaya kuangalia, nakubali. Kulikuwa na njia nne za kutokea kwenye ile fankisheni, kila moja na mistari yake ya kurudisha. Rafiki yangu akazisuka zikawa nadhifu. Ukisoma haraka unapiga makofi. Lakini kwenye njia moja, ile ya makosa, alirudisha kitu kwanza, halafu mstari wa chini ukachapisha ujumbe wa kosa ukiwa na jina lililohifadhiwa ndani ya kitu hicho hicho. Sufuria isharudi, yeye bado anachota mchuzi.

Nilipoona nilidhani nimekosea mimi. Nikajenga perf mara mbili, bila viraka na yenye viraka, nikiwa nimewasha AddressSanitizer, yaani kichunguzi kinachopiga kelele ukigusa kumbukumbu iliyoachiliwa. Nikaendesha majaribio yote ya perf. Matokeo yakafanana. Hakuna kelele.

Ungekuwa wewe ungeacha hapo, sivyo? Hata mimi nilitaka kuacha. Ilikuwa Alhamisi usiku. Lakini hebu fikiria: majaribio yanapita kwenye njia ya makosa ikiwa tu kuna mtu ameandika jaribio la makosa hayo. Nikachukua faili niliyorekodi, nikaikata nusu kwa makusudi, nikaifungua tena. Kichunguzi kikapiga kelele skrini nzima. Nikaifungua kwa msimbo wa zamani. Ukalalamika kistaarabu, ukatoka.

Nikampigia rafiki yangu. Hakufurahi.

"Faili iliyokatwa nusu?" akaniuliza. "Nani duniani anafungua faili iliyokatwa nusu?"

Nikamwambia, "Mimi."

Na sikuwa natania. Laptopu yangu betri ilikufa kitambo. Inaishi kwa waya. Hapa kwetu stima ikikatika katikati ya kurekodi, faili inabaki nusu, na kitu cha kwanza ninachofanya ikirudi ni kuifungua nione kama kuna kilichosalimika. Mtu mwenye betri nzima na stima ya uhakika pengine hatawahi kupita njia ile. Sisi tunaipita kila mvua ikinyesha.

Akanyamaza. Halafu akasema neno lililoniuma: "We unanitafutia makosa. Ile ya chama ulinipitishia bila neno, hii ya maana kwangu ndio unajifanya profesa." Akakata simu. Ijumaa ikapita. Hakutuma. Siku nne hatukuongea, na huyu ni mtu ambaye tumeongea kila siku kwa miaka.

Siku hizo nne nilikwenda kwa nyanya, Mkongani, kusaidia kupalilia mahindi. Mahindi machanga na nyasi vinafanana sana, asikudanganye mtu. Nilipokuwa mdogo nilipalilia mistari miwili, nikasimama kujisifu jinsi ilivyo safi. Ilikuwa safi kweli, manake niling'oa na mahindi. Nyanya hakunichapa. Tangu siku hiyo kila nikishika jembe hunifuata nyuma kimya, akiangalia nilichokitupa, sio nilichokibakisha. Nikiwa pale na jembe ndio nikatambua kwamba mkaguzi wa kwanza kumjua maishani ni yeye. Mtu hukagua kwa kuangalia kilichotupwa.

Na wakubwa pia huyang'oa mahindi. Mwaka 2006, kwenye Debian, kulifanyika usafi kwenye maktaba ya usimbaji inayoitwa OpenSSL. Zana ya ukaguzi, Valgrind, ilikuwa inalalamika kuhusu mistari fulani. Ikaondolewa. Malalamiko yakaisha, kila kitu kikaonekana nadhifu. Kumbe kwa kuiondoa walikuwa wameondoa bahatinasibu iliyotumika kutengenezea funguo za siri. Kilichobaki kubadilika ni namba ya mchakato tu, kwa hiyo kwa kila aina na urefu wa ufunguo kulikuwa na funguo 32,768 pekee zinazowezekana. Kompyuta inazijaribu zote haraka sana. Na kosa lilikaa humo, kwenye Debian na kwenye Ubuntu inayotoka kwake, mpaka Mei 2008 lilipofichuliwa na Luciano Bello. Karibu miaka miwili watu wanafunga milango kwa kufuli ambazo funguo zake zinahesabika.

Sikumtumia rafiki yangu hadithi hiyo. Mtu aliyeumia humpi somo la historia. Nilimtumia ujumbe mmoja: "Ile ya chama nilikuwa sijasoma. Nilikuwa naangalia mpira. Sijawahi kukwambia. Nisamehe."

Ni kweli, sikuwa nimewahi kumwambia. Mwaka mzima alikuwa anadhani mimi pia nilisoma na sikuona. Alikuwa amejifariji kwamba kosa lilikuwa gumu kuonekana.

Siku ya tano akaja Kombani na boda, na mahamri kwenye mfuko. Hakusema habari ya ujumbe. Akafungua laptopu, akanionyesha. Ujumbe wa kosa ameupandisha juu ya mstari wa kurudisha. Kiraka cha nne amekigawa viwili, kila kimoja kifanye jambo moja, kama wasimamizi wa kerneli wanavyotaka. Na ameongeza jaribio jipya: faili iliyokatwa nusu. Akasema, "Soma tena. Na usiangalie mpira."

Nikasoma tena, vyote, tangu cha kwanza. Nikakata faili sehemu tofauti tofauti. Kimya. Ndipo nikaandika jina langu.

Kwenye kerneli ya Linux, mkaguzi akiweka jina lake chini ya kiraka kuna maelezo rasmi ya maana yake. Haimaanishi unaapa kwamba hakuna kosa. Inamaanisha umefanya ukaguzi wa kitaalamu, ulichokiona kibaya umekisema na kimeshughulikiwa, na unaamini mabadiliko hayo yanafaa kuingia. Ukisoma taratibu utaona ni neno zito. Mtu wa Ujerumani au wa Japani asiyekujua atatazama mstari huo na kusema, sawa, kuna mtu alisoma.

Nafasi ya mafunzo, ile tarehe ilipita. Sitakudanganya kwamba ilisogezwa. Rafiki yangu ataomba mwakani. Hilo lilimgharimu, na mimi ndiye niliyemgharimu, na bado ningefanya vilevile.

Sasa maoni yangu, manake mmekuja hapa kutafuta maoni. Huku kwetu vijana wa kompyuta tunafundishwa kujenga tu. Jenga apu, ingia mashindano, shika hundi ya karatasi kubwa, piga picha. Hakuna anayekupiga picha ukisoma kazi ya mwenzako kwa siku tatu. Lakini dunia inaendeshwa na vitu vilivyojengwa zamani, vinavyohitaji kupaliliwa, na kila palizi inahitaji mtu wa kutembea nyuma akiangalia kilichotupwa. Huhitaji ruhusa ya mtu kuanza. Msimbo wa perf uko wazi, ni bure, unaweza kuusoma ukiwa Waa au Tiwi kwa bando la usiku. Chagua badiliko moja dogo. Usiulize "limependeza?" Uliza: kilichoondolewa kilikuwa kinafanya nini? Nani alikuwa anakitegemea? Mambo yakiharibika, njia ya makosa inapita wapi? Halafu likate nusu uone.

Na rafiki yako akikwambia "pitisha tu, ni usafi", msomee. Hata kama atakununia siku nne.

Wewe je, ushawahi kupitisha kitu bila kusoma, halafu kikamwangukia mtu mwingine? Niambie hapo chini. Nitasoma. Safari hii nitasoma kweli.